Hali ya Ndegeni: Kwa Nini Simu Huzimwa Angani

Katazo la kutumia vifaa vya umeme ndani ya ndege lina umri mkubwa kuliko simu ya mkononi yenyewe. Simu ya kwanza ya aina hiyo ilipigwa hadharani jijini New York mwezi Aprili 1973, ilhali mamlaka ya anga ya Marekani ilikuwa imekwisha kupiga marufuku, tangu mwaka 1961, redio ndogo za FM ambazo abiria wa enzi hizo walipenda kuzibeba ili wasikilize muziki safarini. Jambo hilo huwashangaza wengi, kwa kuwa redio ni chombo cha kupokea tu, na ni vigumu kuona jinsi chombo kinachosikiliza kinavyoweza kumsumbua mwingine. Ukweli ni kwamba redio ya FM, ili iweze kunasa stesheni, huzalisha ndani yake mawimbi madogo yanayochanganywa na yale yanayotoka kituoni, na mawimbi hayo ya ndani kwa kawaida huwa juu ya masafa ya stesheni kwa megahezi 10.7. Masafa, kwa maana inayotumika hapa, ni idadi ya mitetemo ya wimbi la redio katika sekunde moja, na megahezi moja ni mitetemo milioni moja. Abiria aliyefungulia stesheni iliyo kwenye 100 alikuwa, bila kujua, anavujisha mawimbi dhaifu ya 110.7, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa sababu eneo la kati ya 108 na 118 limetengwa kwa vituo vya ardhini vinavyomwonyesha rubani njia yake.

Kutokana na kisa hicho cha redio kulizaliwa namna ya kufikiri ambayo imeendelea kuongoza usafiri wa anga hadi leo. Kanuni ya Marekani iliyokuja baadaye ilitaja vifaa vichache visivyohitaji mjadala, navyo ni vinasa sauti vidogo, vifaa vya kuwasaidia wenye uziwi, vidhibiti vya mapigo ya moyo na mashine za kunyolea ndevu, kisha vifaa vingine vyote ikaviacha mikononi mwa mwenye ndege, ambaye alitakiwa ajiridhishe kwanza kwamba kifaa fulani hakitaingilia mitambo yake kabla hajakiruhusu. Kanuni hiyo haikudai kwamba vifaa hivyo ni hatari. Ilichofanya ni kuuhamisha mzigo wa ushahidi, hata ikawa anayetaka kukitumia kifaa ndiye wa kuonyesha kwamba ni salama, wala si juu ya anayekikataza kuonyesha kwamba kinaua. Abiria anayelalamika kwamba hajapata kusikia ndege iliyoanguka kwa sababu ya simu husema kweli, ila huwa anajibu swali ambalo watu wa anga hawakuliuliza.

Simu za mkononi zilipoanza kuenea, waliozizuia kwanza angani walikuwa watu wa simu wenyewe. Mwaka 1991 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, yaani chombo kinachogawa na kulinda masafa ya redio nchini humo, iliamuru kwamba simu za mtandao wa wakati ule zizimwe mara tu ndege inapoacha ardhi, na shabaha yake kuu ilikuwa kuilinda mitandao ya chini. Mtandao wa simu umejengwa juu ya hesabu ya ubahili: masafa ni machache na wateja ni wengi, kwa hiyo nchi hukatwa vipande vidogo viitwavyo seli, kila seli ikiwa na mnara wake, na masafa yale yale yanayotumika katika seli moja hurudiwa katika seli nyingine iliyo mbali kidogo, kwa kutegemea kwamba vilima, majengo na mviringo wa dunia vitazuia mawimbi ya huku yasifike kule. Simu iliyoko Kariakoo huonana na minara michache ya jirani, na mambo huenda sawa. Simu hiyo hiyo ikipandishwa mita 10,000, upeo wake hufika takriban kilomita 350 kila upande, kiasi kwamba ndege ikiwa juu ya Dodoma simu iliyo dirishani huwa, kwa nadharia, imeelekeana na minara ya Morogoro, Iringa, Singida na Arusha kwa wakati mmoja, huku ikichafua masafa yanayorudiwa katika seli ambazo hazikupangwa kusikilizana kamwe. Isitoshe, ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa hukata kilomita 15 kila dakika, kwa hiyo minara hulazimika kupokezana simu hiyo mbio mbio, kazi ambayo haikukusudiwa wakati mitandao hiyo ilipobuniwa kwa ajili ya watembea kwa miguu, magari na treni.

Hata hivyo simu iliyo juu sana mara nyingi haipati mtandao wowote wa maana, kwa sababu antena za minara zimeinamishwa chini ziwaangalie wateja walipo, na tena mfumo wa GSM, ambao ndio ulioifikisha simu vijijini Afrika Mashariki, kwa kawaida haumhudumii mteja aliye zaidi ya kilomita 35 kutoka kwenye mnara. Kukosa mtandao huko ndiko kunakoiunganisha hoja ya watu wa simu na hoja ya watu wa ndege. Simu iliyo karibu na mnara hunong'ona, maana mnara wenyewe huiamuru ipunguze nguvu ili isipoteze chaji wala kuwasumbua wenzake, lakini simu iliyo mbali, au inayotafuta mtandao bila kuupata vizuri, hupaza sauti kadiri inavyoweza. Katika GSM simu ya mkononi inaweza kufikia wati 2, ilhali katika mitandao mipya zaidi kiwango cha kawaida hakipiti sana robo ya wati. Simu iliyosahaulika mkobani bila kuzimwa, ikihangaika kutafuta mnara kutoka angani, huweza basi kuwa na kelele nyingi kuliko ilivyokuwa pale uwanjani mwenyewe alipokuwa akiizungumzia.

Kelele hizo si lugha ya mafumbo. Yeyote aliyewahi kuweka simu ya kitochi kando ya redio anaujua mlio ule wa kukwaruza, trr-trr-trr, unaotangulia simu kuita, nao hutokana na mipigo ya mawimbi ya simu ya GSM, 217 kwa sekunde, inayopenya katika nyaya za spika na kugeuzwa kuwa sauti. Marubani wameripoti kuusikia mlio huo huo katika vipokea sauti vyao, pengine katika dakika ambazo mwongoza ndege anawatajia kimo cha kushukia au namba ya njia ya kutulia, na ingawa mlio wenyewe hauiangushi ndege, tarakimu moja iliyomezwa na mkwaruzo huhitaji kuulizwa upya katika muda ambao hauna nafasi ya maswali mengi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jambo hili hueleweka vizuri zaidi katika ndege ndogo kuliko katika zile kubwa. Ndege za injini moja aina ya Cessna Caravan, zinazobeba abiria wapatao dazeni moja kati ya Dar es Salaam, Unguja, Pemba na Mafia, au kutoka uwanja wa Wilson jijini Nairobi kwenda viwanja vya changarawe vya Maasai Mara, hazina mhudumu wala mlango unaomtenga rubani na abiria wake. Rubani mwenyewe hugeuza shingo, akaeleza habari za mikanda na majaketi ya kuokolea maisha, akaomba simu zizimwe, kisha akawasha injini, na wakati mwingine abiria mmoja huketishwa kando yake kabisa, mbele ya vyombo. Safari ya Dar es Salaam hadi Unguja ni ya dakika 20 hivi, ndege haipandi juu sana, na simu huweza kushika mtandao karibu njia nzima, bara ikiikabidhi kwa kisiwa, ndiyo maana kishawishi cha kupiga picha ya bahari na kuituma papo hapo ni kikubwa. Sasa nguvu ya mawimbi hupungua upesi kadiri umbali unavyoongezeka, kwa kanuni kwamba umbali ukiwa mara mbili nguvu hubaki robo, kwa hiyo simu iliyo mita moja kutoka kwenye dashibodi ya rubani huifikia dashibodi hiyo kwa nguvu ambayo ni mara 400 ya ile ya simu iliyo mita 20 nyuma. Abiria wa Caravan anayemwona rubani mbele yake akiwa peke yake na kazi zote angepaswa kuwa mwepesi wa kuitii amri hii kuliko abiria wa ndege ya viti 250, lakini mazoea yanaonyesha kinyume, kwa kuwa ndege ndogo huonekana kama basi lenye mabawa.

Katika ndege kubwa njia ya mawimbi ni ya mzunguko zaidi. Bodi ya ndege ni ya metali au ya nyuzi za kaboni, nayo huyazuia mawimbi kwa kiasi, lakini madirisha ni matundu, na mawimbi yanayotokea humo huweza kutambaa juu ya bodi hadi kwenye antena zilizo nje, ambazo kazi yake ni kusikiliza ishara dhaifu sana. Simu kwa kawaida hutumia masafa ya megahezi 700 na kuendelea, mbali na yale ya mazungumzo ya marubani yaliyo kati ya 118 na 137, na mbali na yale ya mfumo wa kutulia, ambao kwa mihimili miwili ya redio humwonyesha rubani kama yuko kushoto au kulia mwa njia na kama yuko juu au chini ya mteremko unaofaa. Simu nzima iliyotoka kiwandani haina sababu ya kuvuka mipaka yake. Wasiwasi wa wahandisi uko kwa simu isiyo nzima, iliyoanguka mara tatu, ikabadilishiwa kioo na kufunguliwa na fundi wa kando ya barabara, ambayo hakuna tena anayejua inavujisha nini, na uko pia kwa wingi wa simu hizo, kwa sababu kupima simu moja maabara ni rahisi kuliko kukisia tabia ya simu 180 za kila umri na kila asili zilizokusanywa ndani ya bomba moja.

Majaribio yamefanywa, na matokeo yake ni ya kuchanganya kidogo. Mamlaka ya anga ya Uingereza ilichapisha mwaka 2003 ripoti ya jaribio ambamo vyombo vya ndege viliwekwa maabara na kupigwa na mawimbi yanayofanana na ya simu, na katika hali fulani kompasi iliganda au ikaonyesha mwelekeo usio sahihi, vielekezi vikayumba, na kelele zikaingia katika sauti. Kwa upande mwingine, kampuni ya Boeing iliwahi kuvinunua kutoka kwa abiria vifaa vilevile vilivyoshukiwa kuvuruga mitambo, ikiwemo kompyuta ndogo iliyohusishwa na kujizima kwa rubani otomatiki wa Boeing 737 mwaka 1995, ikavipima kwa makini, na tatizo lililoripotiwa halikujitokeza tena. Kuhusu utii wenyewe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipanda ndege za abiria nchini Marekani mwaka 2003 wakiwa na mtambo wa kupima mawimbi ndani ya mkoba wa mkononi, wakakuta kwamba simu zilikuwa zikitumika kisirisiri, kwa wastani mara moja hadi nne katika kila safari. Ndege hizo zote zilitua salama.

Ajali mbili hutajwa mara kwa mara katika mjadala huu, na inafaa zitazamwe kwa pamoja kwa kuwa zinafundisha tahadhari za aina mbili. Tarehe 10 Januari 2000 ndege ndogo ya Crossair aina ya Saab 340 ilianguka muda mfupi baada ya kupaa kutoka Zurich, Uswisi, ikaua watu wote 10 waliokuwemo, na maneno yakaenea upesi kwamba simu ya abiria ndiyo iliyovuruga mitambo. Wachunguzi hawakuiona sababu hiyo, nao walihitimisha kwamba marubani walipotewa na hisia ya mwelekeo gizani wakaishindwa ndege. Ajali ya pili ilitokea New Zealand tarehe 6 Juni 2003, wakati ndege ya injini mbili aina ya Piper Chieftain ilipokuwa ikishuka kwenda Christchurch usiku wenye ukungu kwa kufuata mfumo wa redio wa kutulia, ikagonga miti na ardhi kabla ya kuufikia uwanja, na kumuua rubani na abiria 7 kati ya 9. Wachunguzi waligundua kwamba simu ya rubani mwenyewe ilikuwa hewani katika dakika za mwisho za safari, wakaandika kwamba huenda iliingilia chombo kinachoonyesha mteremko wa kushukia, bila kuweza kulithibitisha hilo. Hadi sasa hakuna ajali ya ndege kubwa ya abiria ambayo uchunguzi rasmi umesema wazi kwamba ilisababishwa na simu ya abiria, na mwandishi anayewatisha wasomaji kwa kusema vinginevyo anawapotosha. Neno lile la Christchurch, huenda, ndilo zito kuliko yote ambayo ushahidi umeweza kuyafikia, na hata hilo lilihusu ndege ndogo na simu iliyokuwa ndani ya chumba cha rubani.

Kwa ushahidi wa namna hiyo haikuwa ajabu kwamba masharti yalilegezwa. Tarehe 31 Oktoba 2013 mamlaka ya anga ya Marekani ilitangaza kwamba mashirika ya ndege yatakayothibitisha kuwa ndege zao zinastahimili mawimbi ya vifaa vya abiria yanaweza kuruhusu vitumike tangu mlangoni hadi mlangoni, mradi simu ziwe katika hali ya ndegeni, ambayo ni mpangilio unaozima mawasiliano ya simu na minara huku ukiacha nafasi ya kuwasha Wi-Fi na Bluetooth zenye nguvu ndogo. Ulaya ilifuata njia hiyo hiyo, na mwezi Septemba 2014 ikaenda mbele zaidi kwa kusema kwamba shirika lililokwisha kuzipima ndege zake linaweza hata kuziacha simu bila mpangilio huo. Ndiyo sababu abiria anayeunganisha ndege mbili kwa siku moja anaweza kusikia maagizo yanayotofautiana, kwa kuwa ruhusa hutolewa kwa aina ya ndege iliyopimwa na shirika lililoipima, na anayebishana na mhudumu kwa hoja kwamba ndege ya jana iliruhusu huwa analinganisha vitu viwili tofauti.

Kuna kinaya kizuri katika namna mazungumzo ya simu yalivyofikia kuruhusiwa angani. Tarehe 20 Machi 2008, katika ndege ya shirika la Emirates iliyokuwa ikitoka Dubai kwenda Casablanca, abiria walipiga simu kwa mara ya kwanza kwa idhini kamili, na njia iliyotumika ilikuwa kuuleta mnara ndani ya ndege badala ya kuizima simu. Mnara huo ni kisanduku kidogo chenye antena inayopita ndani ya dari, ambao kwa sababu uko mita chache tu kutoka kwa kila abiria huziamuru simu zote zinong'one kwa nguvu ndogo kabisa, wakati mtambo mwingine hufunika ishara hafifu zinazotoka ardhini ili simu zisishawishike kuzijibu, kisha mazungumzo yakarushwa kwa setilaiti hadi chini. Tume ya Ulaya iliweka kanuni za huduma hiyo mwaka huo huo wa 2008, kwa ndege iliyo juu ya mita 3,000, na mwezi Novemba 2022 ikaifungulia pia mitandao ya 5G. Simu iliyopatiwa mnara wake humo ndani haina tena haja ya kupiga kelele, kwa hiyo ndege yenye huduma hiyo inaweza kuwa na utulivu zaidi wa mawimbi kuliko ndege ambayo simu zimekatazwa na nusu ya abiria wamesahau kuzizima. Gharama, lakini, huhesabiwa kama ya mteja aliye ugenini, na kifurushi cha nyumbani hakitarajiwi kufanya kazi huko.

Wamarekani waliikataa huduma hiyo kwa sababu ambayo haina uhandisi wowote ndani yake. Tume yao ya Mawasiliano ilipendekeza mwishoni mwa mwaka 2013 kuliondoa katazo la 1991 pale ambapo ndege ina mnara wake, ikapata upinzani mkali kutoka kwa wahudumu wa ndege na abiria wenyewe, na mwaka 2020 ikalifunga shauri hilo, baada ya Bunge la nchi hiyo kuagiza mwaka 2018 zitungwe kanuni za kuzuia mazungumzo ya simu katika safari za ndani. Walichokiogopa ni jirani. Mtu aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kando ya mfanyabiashara anayeendesha duka lake zima kwa spika ya simu, akitaja bei, madeni na majina ya wadaiwa, hahitaji kuelezwa zaidi, na tofauti ni kwamba basi husimama Singida watu wakanyoosha miguu.

Kwa vyovyote vile, haja ya kupiga simu angani imepungua kwa kuwa intaneti imefika huko kwa mlango mwingine. Ndege nyingi za masafa marefu hubeba juu ya bodi antena inayowasiliana na setilaiti, na abiria hupata Wi-Fi kama wanavyoipata mgahawani, simu zao zikiwa bado katika hali ya ndegeni. Setilaiti za zamani ziko kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, umbali unaofanya jibu lichelewe kwa nusu sekunde au zaidi, ilhali zile za Starlink ziko kilomita 550 hivi tu, na shirika la Qatar Airways lilianza kuzitumia katika ndege zake mwezi Oktoba 2024.

Kisha likaja suala la 5G, ambalo liliwashtua watu wa anga kuliko simu zote zilizowahi kusahaulika mikobani. Safari hii aliyeshukiwa alikuwa mnara wa ardhini, na chombo kilichohofiwa kudhurika ni altimita ya redio, yaani kifaa kinachorusha wimbi kutoka tumboni mwa ndege hadi ardhini na kupima muda wa kurudi kwake ili kujua ndege iko mita ngapi juu ya ardhi. Altimita hizo hutumia masafa ya kati ya gigahezi 4.2 na 4.4, na Marekani ilikuwa imeziuzia kampuni za simu masafa yanayofika hadi 3.98, jirani kuliko yale ya Ulaya yanayoishia 3.8. Uzito wa kifaa hicho ulikuwa umekwisha kuonekana Amsterdam tarehe 25 Februari 2009, katika ajali ambayo haikuhusiana na simu: altimita mbovu ya Boeing 737 ya Turkish Airlines iliuambia mfumo wa injini kwamba ndege imekwisha kugusa ardhi ilhali ilikuwa bado mamia ya mita juu, nguvu ya injini ikapunguzwa, marubani wakachelewa kulitambua hilo, na watu 9 wakafa. Kwa hiyo minara mipya ilipokaribia kuwashwa mwezi Januari 2022, mashirika kadhaa, yakiwemo Emirates, Air India na yale mawili makubwa ya Japani, yalifuta baadhi ya safari zao za Marekani, na kampuni za simu zikakubali kuiwekea mipaka minara iliyo karibu na viwanja vikubwa hadi altimita za zamani zilipowekewa vichujio au kubadilishwa. Hakuna ndege iliyoanguka, na pengine ni kwa sababu watu waligombana mapema.

Amri ya kuweka simu chini wakati wa kupaa na kutua ina sababu nyingine iliyo nyepesi kueleza na ngumu kuizoea, nayo ni masikio. Ndege ya shirika la Japan Airlines ilipogongana na ndege nyingine na kuwaka moto katika uwanja wa Haneda tarehe 2 Januari 2024, watu wote 379 waliokuwa ndani yake walitoka hai, ingawa mfumo wa matangazo ulikuwa umeharibika na wahudumu walilazimika kutumia vipaza sauti vya mkononi na koo zao. Abiria aliyeziba masikio kwa muziki asingeyasikia maelekezo hayo hadi aguswe bega.

Hatari ambayo leo inawakosesha usingizi wasimamizi wa usalama, hata hivyo, haimo katika mawimbi. Imo katika betri. Betri ya lithiamu iliyomo katika kila simu huhifadhi nishati nyingi mahali padogo, na ikiminywa, ikitobolewa, ikichajiwa kwa chaja mbaya au ikiwa na dosari ya kiwandani, utando mwembamba unaotenga pande zake mbili huweza kupasuka, joto likazalisha joto jingine bila kusimama, na kifaa kikatema moshi wenye sumu na ndimi za moto. Mwaka 2016 simu za Samsung Galaxy Note 7 zilizoshika moto mara kwa mara zilipigwa marufuku katika ndege zote nchini Marekani, hata zikiwa zimezimwa. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliteketea ikiwa bado haijaruka katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, watu wote 176 wakaokolewa, na wachunguzi wakaeleza kwamba huenda moto ulianzia katika pawabenki iliyokuwa ndani ya kabati la mizigo lililo juu ya viti. Korea Kusini ilikataza haraka pawabenki zisiwekwe tena katika makabati hayo, na Emirates, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, ilimruhusu abiria kubeba moja tu na kumkataza kuitumia akiwa ndani ya ndege.

Kwa kuwa moto wa namna hii huzimwa kwa kuonekana mapema, pawabenki na betri za akiba haziruhusiwi katika sanduku linalokwenda chini kwenye sehemu ya mizigo, hubebwa mkononi. Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100, kipimo kinachopatikana kwa kuzidisha uwezo ulioandikwa juu ya kifaa, yaani idadi ya mAh, kwa volti 3.7 na kugawanya kwa 1,000, hivyo pawabenki ya 20,000 ina wati-saa 74 na hupita, na ile ya 30,000 ina 111 na huhitaji idhini ya shirika. Pawabenki iliyofutika maandishi yake inaweza kuchukuliwa katika meza ya ukaguzi, na mwenye nayo hatakuwa na hoja.

Jambo la mwisho ambalo wahudumu hulitangaza siku hizi, na ambalo abiria wengi hulichukulia kama utani, linahusu simu iliyoteleza na kutumbukia kati ya viti. Viti vinavyolazwa kwa mota vina nguvu ya kutosha kuiminya simu na kuipasua betri yake, na abiria anayekisogeza kiti huku na huku akiitafuta ndiye anayeiwasha. Kiti kiachwe kama kilivyo, na aitwe mhudumu.